Kamera Isiyokonyeza

Jumapili, 5 Juni 1994

Nimekosa picha. Naandika huku nyuma ya daftari la oda kwa sababu nikikaa nayo moyoni nitapasuka.

Luhaga, yule manju kijana anayeongoza ngoma ya Bagika, leo ameruka pale Nkololo mpaka watu wakapiga kelele. Aliruka, akajipinda hewani, njuga zote miguuni zikalia kwa pamoja. Na mimi Lukresia, mpiga picha kwa miaka kumi na moja sasa, nilikuwa nazungusha filamu kwa kidole gumba. Kamera yangu ya Kirusi ni nzito, mwaminifu, na polepole. Nilipoinua jicho, Luhaga alishatua na alikuwa anajifuta jasho.

Marcelo alikuwa pembeni yangu na kile kikamera chake cha kujizungusha chenyewe. "Dada Lukre, umeipata?"

Nikasema nimeipata. Uongo mtupu. Mwizi wa wateja yule.

Jumatatu, 6 Juni

Vumbi. Wateja wawili, wote wa picha za pasipoti.

Alhamisi, 9 Juni

Luhaga mwenyewe amekuja studio. Mwaka huu pamba inanunuliwa na watu binafsi pia, bei inapigiwa kelele barabarani, na kila kijana aliyeuza magunia mawili anataka picha. Luhaga anataka yake akiwa hewani, aibandike kwenye ngoma yake kubwa kabla ya mashindano ya Julai. "Marcelo ananipata nikiwa natua," alisema, "na wewe mama hunipati kabisa." Alisema kwa heshima lakini iliniingia. Nimemwahidi. Ana sura nzuri yule kijana, na tabia pia.

Ijumaa, 17 Juni

Nimerudi kutoka Mwanza na kamera mpya ninayo! Acha niandike yote, maana nimefurahi.

Duka lile zamani lilikuwa na kamera moja kwenye kioo, ya kuangalia tu. Sasa zimejaa rafu tatu. Nikamwambia muuzaji, mtu mzima mwenye miwani, kwamba nataka ndogo ya kushika mkono mmoja, inayopiga mfululizo bila kuzungusha. Akaweka mbili mezani, ya kijivu na nyeusi.

"Hii ya kijivu ni nzuri zaidi kwa watu, mama. Taa yake inakonyeza kwanza, ndipo inapiga. Ukipiga gizani macho hayatoki mekundu."

"Na nyeusi?"

"Hiyo haikonyezi. Ukishikilia kitufe inapiga nne kabla hujamaliza kusema jina lako. Ila taa inawaka ile ya kwanza tu, zinazofuata haziisubiri. Na inakula filamu, nakuambia mapema."

Nikamwambia aruke.

"Niruke humu dukani?"

"Ruka, kaka. Wateja wangu wanaruka."

Masikini akaruka. Ya kijivu ikakonyeza, ikafikiri, na ilipopiga alishatua na anarekebisha miwani. Nyeusi, hata filamu haimo, ikalia cha-cha-cha yeye akiwa bado juu. Nikacheka mpaka machozi. "Wangu wanacheza juani," nikamwambia, "macho yao hayanihusu." Nikachukua nyeusi.

Jumapili, 19 Juni

Nimemringia Marcelo kanisani, Mungu anisamehe. Akaigeuzageuza. "Hii haikonyezi, dada. Angalia macho ya watu." Kumbe ya kwake inakonyeza, ndiyo maana Luhaga anamtoroka! Wivu tu ule.

Jumamosi, 25 Juni

Kwa Luhaga, kitongojini kwao nje ya Nkololo. Jua kali, ameruka mara tisa, na mara zote tisa nilikuwa naye huko huko juu. Kidole kinawasha kwa raha.

Jua lilipoanza kuzama bibi yake akatoka jikoni na kibuyu cha maziwa. Anaitwa Mwandu. Ndiye aliyemlea Luhaga tangu mama wa kijana afariki. Anapika kwa mabua ya pamba kama wote huku, na muda wote anajipangusa macho kwa pindo la kanga.

"Mwadila, mayu," nikamwamkia kama mama yangu.

"Mwadila, ng'wana wane. Na mimi nipige, mwanangu. Sina picha hata moja. Nikifa watamwangalia nani?"

Akasimama mlangoni pa jiko, mikono imenyooka kama yuko mstarini. Giza lilikuwa limeanza, taa ikawaka yenyewe. Nikasahau kuachia kitufe, zikatoka nne. Akacheka. "Mbona inatetemeka kama mbuzi mwenye baridi?"

Nimempenda yule mama.

Jumanne, 28 Juni

Filamu tatu zimekwenda Mwanza na basi. Nimewaandikia: zinazofanana wasafishe moja tu.

Jumatano, 29 Juni. Upepo.

Alhamisi, 30 Juni. Upepo.

Ijumaa, 8 Julai

Zimerudi! Luhaga anaelea. Vumbi liko chini ya miguu yake na vidole vimekunjamana, hakuna picha kama hii Bariadi nzima. Nimeibandika dirishani na watu wamejaa mpaka muuza vitumbua ameninunia.

Ya bibi Mwandu imetoka na macho mekundu, mawili, kama makaa. Luhaga alipokuja nikampa bahasha nikamwambia, "Ya bibi imeharibika kidogo, ni taa tu." Hakucheka. Aliirudisha kwenye bahasha kwa ncha za vidole.

Jumapili, 10 Julai

Luhaga ameshindwa.

Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake, na mshindi ni yule ambaye watu wamejaa kwake. Mpaka saa tisa watu walikuwa wake. Halafu kikaja kimbunga cha vumbi upande wetu, watu wakafunika nyuso, wakahamia kwa kundi la pili, Bagalu, wale wenye nungunungu, wasirudi. Luhaga aliruka mpaka mwisho mbele ya watu ishirini. Nilimpiga picha akilia.

Nilipomfuata kumpa pole alisema, "Kuna mtu ameniangalia."

Nilidhani ni hasira za kushindwa.

Jumatano, 13 Julai

Mteja wa Nkololo anasema maksai wawili wa mzee Ngeleja wamekufa jana, mmoja asubuhi na mwingine jioni. Ngeleja ni shemeji yake bibi Mwandu, ndugu wa marehemu mumewe. Amenisimulia huku namnyoosha kola kabla ya kumpiga picha, na akaongeza, "Wanasema wewe ndiye uliyemwonyesha."

"Nimemwonyesha nani?"

"Bibi. Kamera yako imemwona."

Mkono wangu ulibaki kwenye kola yake. Mimi mzaliwa wa huku huku! Nilikua nikisikia vikongwe wanavyotajwa kuwa wachawi, na nikaona mwenyewe nyumba mbili zilizobaki bila wenyewe. Hakuna mtoto hapa asiyejua macho mekundu ya mwanamke mzee yanamaanisha nini kwa watu. Nami nikaitia picha ile kwenye bahasha kama risiti.

Ijumaa, 15 Julai

Nimekwenda kituoni. Wameniandikisha maelezo, wamesema watatuma mtu.

Jumamosi, 16 Julai

Nimempata bibi Mwandu peke yake. Luhaga amehamia kwa rafiki yake, eti anafanya mazoezi.

Akanikaribisha kigoda, akaingia ndani, akatoka na karatasi iliyokunjwa, ya daftari la shule. "Imetupwa mlangoni. Nadhani ni ya Monika, binti yangu wa Bukundi, labda amejifungua. Nisomee."

Ilikuwa na mstari mmoja. *Mchawi hama kabla mwezi haujaisha, mwezi ukikukuta hapa usilaumu panga.*

Aliniangalia midomo, anangoja mjukuu. Nilitaka kudanganya, Mungu ananiona, nilitaka kumwambia ni wa kike. Lakini ningemwambia hivyo asingehama, na wangemkuta. Nikamsomea kama ilivyo.

Aliichukua, akaikunja tena. Akauliza tu, "Mwandiko unaujua?"

Nilikuwa naujua. Ule ni mwandiko ulioandika jina kwenye daftari langu la oda tarehe tisa Juni, Luhaga alipokuja, herufi zimelala kulia. Nikasema siujui.

"Twende kwangu mjini, mayu. Leo hii."

"Nikikimbia ndio nimekubali. Nyumba hii nimeingia nikiwa na meno yote." Akajipangusa macho, akaona namtazama akijipangusa, akashusha pindo la kanga haraka. Hilo ndilo lililoniumiza kuliko barua.

Jumapili, 17 Julai

Nimepita kwa Ngeleja. Picha iko kwake, Luhaga ndiye aliyempelekea. Wazee wanaishika kwa zamu. Nikaeleza habari ya taa, nikaeleza tena. Ngeleja ananisikiliza kwa upole kabisa, halafu anasema, "Mama Picha, wewe huna kosa. Wewe umetusaidia." Nilitamani kumzaba kibao. Shamba la mpunga la bibi limepakana na lake, na watu wote wanajua analitamani.

Nikaomba nirudishiwe picha niichome. Wote wakanitazama vibaya. Nimeharibu zaidi.

Jumatatu, 18 Julai. Hakuna aliyekuja kutoka kituoni. Upepo.

Jumanne, 19 Julai

Mchana nilikuwa nakata negativu na ndipo nikaziona. Nne! Zilipigwa nne, nikasafisha moja. Taa iliwaka ya kwanza tu. Katika hizo tatu nyingine bibi ni yule yule, kicheko kile kile, na macho ni ya kawaida.

Basi la Mwanza lilishaondoka na la kesho limeharibika. Nikatoka nje kama kichaa, na nani amesimama na pikipiki yake? Marcelo. Nikamweleza, nikijua atasema alinionya.

Hakusema. Alivaa kofia. "Nipe hizo negativu. Alhamisi utakuwa nazo."

"Nikulipe nini?"

"Mama yangu naye macho yanamuuma," alisema, akawasha.

Nimerudi nyuma kwenye daftari hili nikakuta nilipomwita mwizi. Nimepakata kwa mstari wa wino.

Alhamisi, 21 Julai

Amerudi nazo, vumbi mpaka kwenye kope. Zina giza kidogo lakini ni bibi, na macho yake. Masele, kamanda wa sungusungu wa kule, ametangaza mkutano Jumapili. Nimemtumia habari kwamba nina ushahidi, amekubali nije.

Jumapili, 24 Julai

Nitaandika kwa mpangilio.

Asubuhi nilikuwa na harusi hapa mjini. Ile nyeusi ilimeza filamu yote ya mwisho kabla bibi harusi hajashuka garini, ikajizungusha, nikaitoa. Nikamaliza harusi kwa ile ya Kirusi, ndipo Marcelo akanipakia.

Mkutano ulikuwa ndani ya godauni la zamani la pamba kwa sababu ya upepo. Giza humo, mwanga mlangoni tu. Wanaume labda themanini, sungusungu wamesimama na pinde. Bibi Mwandu ameketishwa chini katikati, peke yake, na kuzunguka pale alipoketi watu walikuwa wameacha nafasi. Luhaga alikuwa ukutani, anaangalia miguu yake ile iliyopendwa na watu.

Masele akanipa nafasi. Ni mtu mkubwa, sauti ndogo, haki ya Mungu nilimtegemea. Nikatoa picha zote. Nikasema hii ndiyo ile mnayoijua, na hizi zimefuata, sekunde moja, hata kicheko hakijaisha. Angalieni macho. Zikapita mkono kwa mkono. Watu wakaanza kunong'ona, nikaona mmoja anatikisa kichwa kukubali, nikafikiri tumepona.

Ngeleja akasimama. "Tumeona. Ya kwanza ilimkuta hajajiandaa. Akashtuka, akayaficha." Akaziinua zile tatu. "Sekunde moja, anasema mwenyewe. Mtu wa kawaida anaweza kuyaficha macho kwa sekunde moja?"

Godauni likalipuka. Mtu nyuma akasema, "Tusingoje mwezi." Wengine wakaitikia. Marcelo akanishika kiwiko. Mimi ndiye niliyempa Ngeleja hayo maneno, kwa mkono wangu, nimeyaagiza mpaka Mwanza.

Bibi akainua uso akanitafuta. Hakuwa na hasira hata kidogo. Alikuwa ananiangalia kama siku ile aliponingoja nimsomee barua, anangoja nimwambie imeandikwa nini.

Basi nikapandwa na mori. Sikupanga, nasema kweli, ni hasira tupu. Nikaitoa ile nyeusi kwenye mkoba.

"Sawa!" nikapiga kelele. "Kamera inaona wachawi, si ndivyo? Basi iwaone wote. Kwa nini imwone mmoja?"

Nikamwelekezea Ngeleja. Taa ikawaka, akaruka nyuma. Nikangoja ile taa ijae, na Masele, pa! Na yule aliyesema tusingoje, alikuwa amejificha lakini nikamfuata mpaka kona, pa! Luhaga akafunika uso. Nikamwambia, "Ondoa mikono, manju. Wewe si ulitaka picha?" Akaiondoa. Pa!

Nikapiga kumi na mbili. Hakuna aliyenizuia, walikuwa wanarudi nyuma kama nimeshika moto.

"Zinakwenda Mwanza kesho," nikasema. "Jumapili ijayo nitazileta hapa hapa, nitazibandika ukutani. Atakayetoka na macho mekundu atakuja kuketi pale chini na mayu Mwandu. Kamanda, wewe ndiye mlinzi wa haki. Ni sawa au si sawa?"

Masele alijipapasa kope. Nilimwona, alijipapasa kope bila kujua. Akasema kwa sauti yake ndogo, "Ni sawa. Mpaka Jumapili. Na mpaka Jumapili mtu yeyote asimguse huyu mama, wawili watalinda mlango wake."

Njiani Marcelo akasema, "Watatoka wekundu wote, dada. Mle gizani, na kamera ile? Wote kumi na mbili!"

Tulipofika mjini ndipo nikamwambia. Kamera haikuwa na filamu.

Jumatatu, 25 Julai

Siwezi kula. Jumapili nitabandika nini ukutani? Marcelo anasema turudi tuwapige picha tena. Nani atakubali kukaa?

Jumanne, 26 Julai

Masele amekuja. Kamanda mzima, saa mbili asubuhi, na kuku mkononi.

"Mama Picha, mhola?"

"Mhola, kamanda."

Akakaa, akasifia studio, akasifia pazia. Halafu: "Mimi nilikuwa na vumbi machoni siku ile. Vumbi la pamba. Ile yangu… haiwezi kutolewa peke yake?"

Nilimwangalia mpaka nikaelewa. Mungu wangu, nikaelewa yote! Nikajikaza nisicheke wala nisilie. Nikamwambia filamu ni moja, haikatwi vipande. Zikitoka zinatoka zote, zikizuiwa zinazuiwa zote. Akaondoka, kuku akamwacha.

Jumatano, 27 Julai

Leo wamekuja watano. Mmoja macho yanamuuma tangu utoto. Mmoja alikuwa amekunywa. Mmoja ameapa si yeye aliyesema tusingoje, wakati ni yeye.

Alhamisi, 28 Julai

Ngeleja. Alingoja wateja watoke. Marcelo alikuwepo, nikamwomba abaki.

"Binti yangu," alianza, tangu lini mimi bintiye, "zile picha zina haja gani?"

"Si kamera imetusaidia, baba?"

Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. Nilitegemea nitafurahi kumwona hivyo na sikufurahi sana. Alikuwa anaogopa kweli. Usiku wote, alisema, anajiangalia kwenye kioo cha kunyolea.

"Maksai wako walikufa na nini, baba?"

Akakaa. "Walivimba tezi," akasema mwishoni. "Wakahema kwa shida."

"Hiyo inaitwaje?"

"Ndigana. Ya kupe."

"Basi ukaseme hivyo Jumapili, mbele ya watu wote. Na barua ile ikachomwe hapo hapo. Mimi sitaleta picha hata moja."

Ijumaa, 29 Julai

Luhaga amekuja mwisho wa wote. Hakuomba picha yake itolewe. Alisimama mlangoni analia, akasema mwandiko ni wake lakini maneno aliambiwa na Ngeleja, na kwamba siku aliposhindwa alikuwa akiona macho yale kila alipofumba ya kwake.

"Amekulea," nikamwambia.

"Nimwambie nini, mama?"

"Nenda kwanza. Utajua huko."

Ile picha yake anayoelea nimeitoa dirishani. Nzuri mno, na siwezi kuitazama.

Jumapili, 31 Julai

Imekwisha. Ngeleja amesema ndigana, kwa sauti ya chini, Masele akamwamuru arudie kwa nguvu. Masele akatangaza kamera ya Lukresia ni mbovu, ya magendo, haioni kitu, na atakayemtaja tena bibi Mwandu atalipa ng'ombe watatu. Watu wakapiga makofi kwa nguvu kuliko nilivyotegemea. Nimekubali mbele ya wote kwamba kamera yangu ni mbovu. Luhaga akachoma barua, kisha akamwinua bibi yake pale chini akamshika mkono mpaka nyumbani. Bibi alikubali kushikwa, ila hakumtazama.

Jumatano, 3 Agosti

Nimebandika plasta nyeusi juu ya ile taa. Itapiga picha za ngoma juani, basi.

Jumapili, 14 Agosti

Nimekwenda kwa bibi Mwandu na kamera ya Kirusi. Asubuhi, mwanga mwingi, nimemweka kigoda kivulini nje ya nyumba. Amevaa kanga mpya, zawadi ya Luhaga, na habari za Bukundi zimekuja kweli: Monika amejifungua, wa kike.

Nikamwambia picha hii ni moja tu, haitetemeki, haina taa, achukue muda wake. Nikazungusha filamu polepole kwa kidole gumba. Nilipoinua kichwa alikuwa amefumba macho.

"Fumbua, mayu. Niko tayari."

"Piga hivi hivi, ng'wana wane."

"Hakuna taa. Nakuapia."

"Najua. Wewe huna ubaya." Akanyoosha kanga magotini, macho yamefumbwa kabisa. "Lakini picha inabaki, na mimi sitakuwepo kuwaeleza."

Nikangoja muda mrefu, kuku wakapita mbele yake, na hakufumbua. Nikapiga hivyo hivyo.